Saratani ya thairoidi: nani alizitazama tezi za shingo kabla ya kisu?

Mezani_Patholojia (mleta uzi)

Wadau, salamu. Mimi ni mtaalamu wa maabara ya patholojia hapa Nairobi. Si daktari. Kazi yangu ni kupokea vipande vya mwili vinavyotoka chumba cha upasuaji, kuvipima, kuvikata na kuviandaa mpaka viwe slaidi ambazo daktari wa patholojia atazisoma kwa hadubini. Nimefungua uzi huu kwa ajili ya dada yangu mkubwa, na kwa sababu swali lililotukosesha usingizi nyumbani kwetu kwa miaka minne naliona likirudi humu kila baada ya muda: je, yawezekana kujua mapema kwamba saratani ya thairoidi imeshatoka pale ilipoanzia na kuelekea kwingine?

Aliyeuona uvimbe wa kwanza ni msusi wake wa Ngara. Alikuwa amemlaza kichwa kwenye sinki la kuoshea nywele, shingo imenyooka, akamwambia, "Mama, hapa kulia pana kitu kinapanda ukimeza mate." Altrasaundi ikafanywa wiki hiyo hiyo, ikaonyesha kinundu cha sentimita 1.8, kigumu, cheusi kuliko nyama iliyokizunguka, chenye vidoa vyeupe vidogo ndani yake. Sindano nyembamba ikathibitisha kuwa ni saratani ya papilari. Akafanyiwa upasuaji katika hospitali moja ya binafsi ambayo sitaitaja, nusu ya thairoidi ikaondolewa, na ripoti ya patholojia aliyokuja nayo nyumbani ilikuwa na mistari miwili tu: saratani ya papilari, imetolewa yote. Miezi 14 baadaye, akijipaka mafuta, akapapasa kitu kando ya shingo, upande ule ule.

Nilipoyapanga makaratasi yote juu ya meza ya chakula, nikaona kwamba ripoti ya altrasaundi ya mwanzo ilieleza thairoidi peke yake. Kuhusu tezi za limfu za shingoni hapakuwa hata neno moja, wala la kusema zipo salama. Hapa niseme jambo kuhusu lugha yetu, maana limewachanganya wengi: tunasema "tezi" kwa vyote viwili, ile iliyokaa mbele ya koo la hewa kama kipepeo, na zile ndogo ndogo zilizotawanyika shingoni, ambazo hupigana na maradhi. Daktari akisema "tezi imetolewa," familia haijui ni ipi. Katika uzi huu nitasema thairoidi kwa ile ya kwanza, na tezi kwa zile za limfu.

Msimamo wangu ni kwamba kuenea kwa saratani hii hakubashiriwi mara moja na kumalizika. Kunakisiwa kabla ya upasuaji kwa picha na sindano, kunakisiwa upya kwenye meza ya patholojia, kisha tena kwenye damu mwaka hadi mwaka, na kila kisio hulisahihisha lililotangulia. Makisio mawili ya kwanza ya dada yangu hayakuandikwa popote. Sisemi kwamba yangeizuia saratani kutembea, kwa sababu huenda siku ya upasuaji ilikuwa imekwisha kufika kwenye ile tezi. Nasema kwamba angefunguliwa shingo mara moja badala ya mbili.

Sasa niingie kwenye kiini. Saratani za thairoidi hazina njia moja. Papilari, ambayo ni takriban nane kati ya kila kumi, hupenda mifereji ya limfu, hivyo kituo chake cha kwanza huwa ni tezi za shingoni. Folikula huzipita tezi hizo na kuingia kwenye mishipa ya damu, na inapojitokeza mbali hujitokeza kwenye mapafu au mifupa. Medula hutokana na seli nyingine kabisa, zile zinazotoa homoni iitwayo kalsitonini, na hupita njia zote mbili. Ya nne, anaplastiki, iko chini ya asilimia 2, na hiyo haihitaji kubashiriwa: hukua ndani ya wiki chache, mgonjwa akapoteza sauti na kukabwa pumzi.

Kwa papilari, basi, swali la kwanza ni la tezi. Mtaalamu wa altrasaundi anayeijua kazi yake haishii kwenye kinundu; hushuka na kupanda pande zote mbili za shingo, kutoka chini ya taya hadi juu ya mtulinga. Tezi yenye afya ina umbo la haragwe na kitovu cheupe cha mafuta katikati. Ikiwa imeviringa, kitovu kimepotea, ina vidoa vya chokaa au kijifuko cha maji ndani, hiyo ni ya kuchomwa sindano. Na kuna hila moja nzuri ambayo wengi hawaijui: sindano ile ile iliyotoka kwenye tezi huoshwa kwa mililita moja ya maji ya chumvi, na maji hayo yakapimwa thairoglobulini. Protini hiyo hutengenezwa na seli za thairoidi pekee. Ukiikuta kwa wingi ndani ya tezi ya pembeni ya shingo, hakuna maelezo mengine ila kwamba seli za thairoidi zimehamia huko. Dada yangu alifanyiwa kipimo hicho uvimbe wa pili ulipojitokeza. Ndicho kilichomaliza ubishi.

Altrasaundi nayo ina upofu wake. Tezi zilizo nyuma ya thairoidi na kando ya koo la hewa hufichwa na thairoidi yenyewe na ile hewa, kwa hiyo picha safi haimaanishi kwamba eneo la katikati ni safi. Karibuni tuzungumze.

Binti_Githurai

Asante sana kaka kwa kufungua mada hii. Kwangu mgonjwa ni mama yangu, ana miaka 61, ana rovu la miaka mingi ambalo mwaka jana lilianza kukua upande mmoja. Sindano ilileta jibu la "kundi la nne, folikula, haiwezekani kutofautisha." Tukalipa tena, ikachomwa tena, jibu likawa lile lile. Alipofanyiwa upasuaji ndipo tukaambiwa ni saratani ya folikula. Sasa naomba kuelewa: ikiwa seli zilikuwa mkononi mwao mara mbili, kwa nini hawakuziona? Na je, imeenea au haijaenea? Ripoti inasema "ganda limevukwa," basi.

Mezani_Patholojia (mleta uzi)

Dada, pole kwa mzunguko huo. Hawakuzembea. Majibu ya sindano ya thairoidi hupangwa duniani kote katika makundi sita, mpango uitwao Bethesda uliochapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 2010, na kundi la nne maana yake ni kwamba seli zimejipanga kwa mtindo wa folikula lakini haijulikani kama ni uvimbe wa kawaida au saratani. Karibu watatu kati ya kumi wa kundi hilo huishia kuwa na saratani.

Sababu ni hii. Seli za saratani ya folikula zinaweza kufanana na za uvimbe usio na madhara kama mapacha. Kinachozitofautisha ni mwenendo: je, zimetoboa ganda linalozizunguka, au zimeingia ndani ya mshipa wa damu? Sindano hufyonza seli kutoka katikati, ganda hailileti. Ni sawa na kuonjeshwa kijiko cha maji ya bwawa ukaulizwa kama ukuta wake una ufa.

Kinundu kama cha mama kikifika mezani kwangu, hukipaka wino nje, kisha hukikata vipande vyembamba kama ndizi, na kila kipande chenye ganda hutakiwa kiwekwe kwenye kibloku chake cha nta. Kinundu cha sentimita 4 huweza kutoa vibloku kumi na zaidi. Fundi akiwa na haraka, au nta ikiwa haba, ataweka viwili vitatu, na ufa wa milimita moja utabaki ndani ya ndoo ya formalini bila mtu kuuona. Kwa hiyo swali la kumuuliza daktari wa patholojia ni la mishipa: je, imeingia kwenye mishipa ya damu, na ni mahali pangapi? Mwongozo wa Chama cha Thairoidi cha Marekani wa mwaka 2015 uliweka folikula iliyoingia mishipa kwa uchache, yaani chini ya sehemu nne, katika hatari ndogo ya ugonjwa kurudi, na ile iliyoingia kwa wingi katika hatari kubwa. "Ganda limevukwa" peke yake haitoshi kumwambia mama alale usingizi au akapigwe picha ya mifupa.

Nakushauri uombe slaidi na vibloku vyake visomwe na daktari mwingine.

Takwimu_SouthB

Nimesoma kwa makini. Mimi ni mwanafunzi wa sayansi ya data, na mradi wangu unahusu modeli za kompyuta zinazobashiri kama saratani ya papilari imefika kwenye tezi kabla ya upasuaji. Karatasi nyingi nilizosoma zinatoka China na Korea Kusini, na vigezo vinavyojirudia ni vile vile: umri mdogo, jinsia ya kiume, ukubwa wa kinundu, kuwapo kwa vinundu zaidi ya kimoja, kugusa au kuvuka ganda la thairoidi, na vile vidoa vya chokaa. Modeli nyingine zinasoma picha ya altrasaundi moja kwa moja kwa akili unde. Kwa heshima, naona mleta uzi anautegemea mno mkono na jicho la mtu. Kama tuna upungufu wa wataalamu, mashine si ingetusaidia kuwachuja wagonjwa?

Mezani_Patholojia (mleta uzi)

Ndugu, vigezo ulivyovitaja ni vya kweli, na siipingi mashine. Ila nikuonyeshe mahali ambapo jibu sahihi la modeli yako linatengenezwa, maana ni mikononi mwa watu kama mimi.

Daktari wa upasuaji akisafisha eneo la katikati ya shingo huniletea kipande cha mafuta ya njano, kikubwa kama kidole gumba. Tezi hazionekani kwa macho. Nafunga mdomo, nayafinya mafuta yale kati ya kidole gumba na cha shahada polepole, na tezi naitambua kwa kuteleza kwake, kama punje ya mchele ndani ya samli iliyoganda. Siku nikiwa na utulivu napata nane. Siku ambayo kuna vikopo arobaini vinanisubiri, huenda nikapata nne. Kila niliyoikosa itaingia kwenye jedwali lako ikiwa sifuri.

Kisha kuna jambo la pili, ambalo ni zito zaidi. Katika hospitali nyingi za Asia ya Mashariki eneo la katikati husafishwa hata pasipo dalili, hivyo huonekana vichembe vidogo sana vya saratani ndani ya tezi. Wagonjwa wengi wa papilari wanavyo, na wengi wao havitawadhuru maisha yao yote. Modeli iliyofunzwa kwa data hiyo hujifunza kubashiri kitakachopatikana kikitafutwa. Mgonjwa anauliza kitu kingine: je, kitanirudia? Mwongozo ule wa 2015 ulitenganisha mambo haya kwa makadirio yanayoeleweka: tezi zilizoathirika zikiwa tano au pungufu, ugonjwa hurudi kwa takriban asilimia 5, zikizidi tano, takriban 20, na tezi yenye saratani ikizidi sentimita 3, takriban 30. Hesabu na ukubwa, si ndiyo au hapana.

Tatu, wagonjwa wanaofunza modeli hizo wengi wao walikutwa na vinundu vya chini ya sentimita moja katika uchunguzi wa kawaida. Hapa Nairobi tunapokea rovu lililobebwa miaka kumi, kinundu kikiwa kimejificha katikati ya vingine. Ukiihamisha modeli bila kuipima upya kwa watu wetu, itasema "asilimia 30" mahali ambapo ukweli ni mwingine, na itasema kwa kujiamini. Ukitaka kutusaidia kweli, anza na ripoti zetu: weka fomu ambayo haimruhusu mtu kuifunga mpaka ajaze idadi ya tezi, kubwa kuliko zote ni ya kiasi gani, na kama saratani imetoboa nje ya tezi. Sifa yake haitakuwa kubwa kama ya akili unde, nakiri.

Takwimu_SouthB

Hilo la sifuri zisizo sifuri sikuwa nimelifikiria. Na vinasaba je? Nimesoma kuhusu jeni iitwayo BRAF.

Mezani_Patholojia (mleta uzi)

Badiliko la BRAF V600E hukutwa katika karibu nusu ya papilari. Utafiti mkubwa wa mwaka 2014 uliochambua uvimbe 496 uligawa papilari katika makundi mawili, zile zinazofuata tabia ya BRAF na zile zinazofuata tabia ya jeni nyingine, RAS, na za kwanza ndizo zenye mazoea ya kwenda kwenye tezi. Lakini kitu kinachopatikana kwa nusu ya watu hakiwezi kukuambia nani ataumia. BRAF ikiandamana na badiliko jingine kwenye jeni ya TERT, hapo ubashiri hubadilika kweli, na madaktari hufuatilia kwa ukaribu. Medula ni habari nyingine: karibu robo ya wagonjwa wake wameirithi kupitia jeni ya RET, kwa hiyo kipimo kimoja cha mgonjwa huweza kuwafaa watoto na ndugu zake ambao bado hawana hata kinundu.

Muuguzi_Ayodini

Naomba niongeze kidogo kutoka upande wetu, tunaowapa wagonjwa ayodini yenye mnururisho. Watu huiona kama tiba tu, lakini ni kipimo pia. Seli za papilari na folikula, zikiwa hazijapoteza asili yake, hunyonya ayodini popote zilipojificha, na siku chache baada ya dozi tunapiga picha ya mwili mzima. Nimeona mapafu yaking'aa kwa mgonjwa ambaye eksirei yake ya kifua ilikuwa safi kabisa. Nusu ya nguvu ya ayodini 131 huisha kila baada ya siku 8, ndiyo maana tunawakalisha mbali na watoto na wajawazito kwa siku kadhaa. Mama mjamzito au anayenyonyesha hapewi kabisa.

Inatokea pia thairoglobulini inapanda lakini picha ya ayodini haionyeshi kitu. Hapo mara nyingi seli zimesahau kunyonya ayodini na badala yake zinakula sukari kwa pupa, jambo ambalo si zuri. Wagonjwa hao hupelekwa kwenye PET, picha inayozisaka seli zinazokula sukari, ambayo hapa Nairobi inapatikana Aga Khan pale Parklands na katika hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta kule Kahawa.

Ombi langu kwa wagonjwa: pimeni thairoglobulini katika maabara moja, mwaka hadi mwaka. Mashine mbili tofauti huweza kutoa majibu mawili kwa damu moja, nanyi mkadhani ugonjwa umerudi. Na ulizeni kama kingamwili dhidi ya thairoglobulini zimepimwa pamoja nayo. Takriban mmoja kati ya wanne au watano anazo, na zikiwapo huificha thairoglobulini, jibu likatoka sifuri la uongo. Kwa mtu wa namna hiyo tunafuatilia kingamwili zenyewe: zikishuka, vyema, zikipanda, tunatafuta.

Mezani_Patholojia (mleta uzi)

Ahsante sana Muuguzi. Hilo la maabara moja limetugharimu. Dada alipima mahali patatu tofauti kwa kufuata bei, na tukawa na nambari tatu zisizozungumza lugha moja. Tena wakati huo nusu ya thairoidi yake ilikuwa bado ipo, nayo hutoa thairoglobulini yake halali, kwa hiyo nambari hazikuwa na maana kubwa hata hivyo. Baada ya upasuaji wa pili na ayodini ndipo kipimo kilipoanza kusema kitu: kikikaa chini ya nanogramu 0.2 kwa mililita, pasipo kingamwili na shingo ikiwa safi kwenye altrasaundi, uwezekano wa ugonjwa kurudi ni kati ya asilimia 1 na 4, hata kama mwanzoni mgonjwa aliwekwa kwenye hatari ya kati. Ndicho nilichomaanisha niliposema kisio hulisahihisha lililotangulia.

Baba_Kayole

Wakuu, mimi ni mtu wa kawaida. Kuna kambi ya matibabu inakuja kanisani kwetu na watapima shingo za watu wote kwa altrasaundi kwa bei nafuu. Niwapeleke mke na mabinti?

Mezani_Patholojia (mleta uzi)

Mzee wangu, kama hawana uvimbe wala dalili, mimi nisingewapeleka. Korea Kusini walifanya hivyo: kuanzia mwaka 1999 altrasaundi ya shingo ikawa inaambatana na uchunguzi wa kawaida wa saratani, na kufikia 2011 waliogunduliwa walikuwa mara 15 ya wale wa 1993. Vifo havikupungua. Maelfu waliondolewa thairoidi, wakawa watu wa kumeza kidonge kila asubuhi, na baadhi yao walipoteza sauti au kushushwa kalsiamu kwa sababu ya kisu. Mwaka 2017 jopo la Marekani linaloshauri kuhusu kuzuia maradhi lilipendekeza watu wasio na dalili wasichunguzwe. Apelekwe haraka yule mwenye uvimbe unaokua, sauti iliyokwaruza bila mafua kwa wiki kadhaa, aliyepigwa mionzi ya shingo utotoni, au mwenye ndugu wa damu mwenye medula.

Binti_Githurai

Kaka, nimerudi. Leo nimekwenda kuchukua vibloku vya mama. Nilizungushwa kwenye dirisha tatu, mwishowe nikapewa bahasha ya kaki. Ndani kuna slaidi tano na vibloku viwili tu. Nimeuliza kipande kilichobaki kwenye ndoo, wakaniambia kilishatupwa. Sasa ndiyo basi?

Mezani_Patholojia (mleta uzi)

Viwili kwa kinundu cha mama ni vichache, dada, siwezi kukuficha. Lakini si basi. Kibloku kina unene wa milimita kadhaa na slaidi moja hutumia sehemu ndogo sana yake, kwa hiyo mwambie daktari wa pili aombe vikatwe ngazi za ndani zaidi, na slaidi zipakwe rangi maalumu inayoonyesha kuta za mishipa ya damu. Ubashiri utapatikana kwa nyama iliyopo, na daktari aandike wazi kwamba ganda halikuwekwa lote, ili mtu wa ayodini ajue anaamua juu ya nini. Thairoglobulini ipimwe sasa hivi kama thairoidi yote imetolewa na wiki sita zimepita. Bahasha usiikunje wala usiiache kwenye gari juani, nta huyeyuka.

Binti_Githurai

Nimeiweka kwenye kabati la vyombo, nyuma ya sufuria kubwa. Jumatatu naipeleka.